Ile seti ya stendi na vitambaa vitatu haitufai

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kuhusu ukurasa wenu wa maswali ya wasomaji, wiki iliyopita kuna dada wa Morogoro aliuliza kwamba anataka kuanza kupiga watu picha nyumbani kwao, sebuleni, ana simu nzuri na taa moja, sasa anunue stendi gani na kitambaa gani cha kuweka nyuma ya mtu, na aliyemjibu akamwambia atafute tu ile seti inayouzwa kila mahali, stendi moja na vitambaa vitatu, cheupe cheusi na cha kijani, akishanunua hiyo kamaliza. Mhariri nimelisoma lile jibu mara mbili na limeniuma, kwasababu hiyo seti ndo niliyoanza nayo mimi miaka saba iliyopita hapa Tabata, hela yenyewe nilikuwa nimeitoa kwenye mchezo wa kina mama, zamu yangu, na katika vile vitambaa vitatu leo hakuna hata kimoja ninachokitumia kumpigia mtu picha. Sitaki yule dada apite njia hiyohiyo wakati mtu wa kumwambia yupo.

Naanza na kile cha kijani. Kile sio kitambaa cha picha za watu, ni cha video, kimewekwa rangi kali vile makusudi ili kompyuta iweze kuifuta na kuweka kitu kingine mahali pake, ndo maana wamechagua kijani ambayo haipo kwenye ngozi ya binadamu yeyote. Sasa wewe kwenye sebule ndogo ukamkalisha mtu karibu nacho, ile kijani inaruka inamrudia shingoni na chini ya kidevu na pembeni ya mashavu, mtu mzima wa afya anatoka kwenye picha kama katoka wodini, na hakuna kurekebisha kwa simu kutakakoiondoa yote. Bibi arusi mmoja wa send-off alinirudishia picha kwasababu hiyo, na alikuwa na haki.

Cheupe nacho ni chepesi mno. Ukikinyanyua juani unaona vidole vyako upande wa pili, maana yake ukikitundika mbele ya dirisha utaona nondo za dirisha, ukikitundika mbele ya ukuta wenye kalenda utaona kalenda. Lakini hilo la wepesi unaweza kulitatua kwa kukikunja mara mbili. Tatizo kubwa ni lingine na hapa naomba niruhusiwe kueleza kwa kirefu maana ndo kiini cha barua yangu.

Kamera, iwe ya simu au ile kubwa, haijui kama inaangalia mtu. Yenyewe inapima mwanga wote ulioingia kwenye picha na inajaribu kuufikisha kwenye wastani fulani, kitu kama kijivu cha kati. Ukiijazia picha kitambaa cheupe, inasema hapa pameng'aa sana, inapunguza mwanga, na anayepunguziwa ni yule mtu wako mweusi aliyekaa katikati, uso unakuwa kivuli, macho hayaonekani. Ukiijazia kitambaa cheusi inafanya kinyume chake, inasema hapa pana giza, inaongeza, paji la uso na pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta na rangi halisi ya ngozi inapotea. Simu za saivi zinatafuta sura na zinajitahidi, ni kweli, lakini bado zinakosea, na zinakosea zaidi kwa watu wa weusi wa kukolea, yani wengi wanaokuja kwangu. Na hili la vifaa vya picha kutotuona vizuri halikuanza na simu. Zamani Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mwanamke mzungu, waliziita kadi za Shirley, fundi anasawazisha rangi za picha zote kwa kufuata ngozi ya yule mama, na malalamiko yaliyokuja kusikilizwa ni ya makampuni ya samani na ya chokoleti waliosema aina za mbao zao na aina za chokoleti zao hazitofautiani kwenye picha. Kwahiyo mtu akiniambia nyeupe na nyeusi ndo rangi za kuanzia, namuuliza za kuanzia kwa ngozi ya nani.

Nikimkalisha binti mweusi mwenye nywele za asili mbele ya kitambaa cheusi bila taa ya nyuma, nywele zinaisha wapi na kitambaa kinaanzia wapi? Mama wa buibui ndo kabisa, unabaki na uso na viganja viwili vinaelea. Na sheikh au mzee wa kanzu mbele ya cheupe, kanzu imeondoka yote. Hivi ndo vitu watu wetu wanavyovaa siku ya kupiga picha, joho jeusi la mahafali, kanzu nyeupe ya Idi, buibui, gauni jeupe la komunio, sasa mtu anakuuzia nyuma nyeusi na nyuma nyeupe.

Kinachonifanyia kazi mimi ni rangi za katikati na zilizofifia. Kijivu cha kati kama saruji iliyokauka. Kahawia ya udongo. Kijani ya zeituni ile iliyochoka choka, sio ile ya majani mabichi. Bluu ya wingu la mvua. Rangi ya kutu ukitaka joto kidogo, inapendeza mno kwa weusi wa kahawia. Kama ningeruhusiwa kimoja tu maisha yangu yote ningechukua kijivu cha kati, kwasababu kinageuka, ukikimwagia mwanga kinakuwa karibu na cheupe, ukikinyima kinakuwa karibu na cheusi, na hapo katikati ngozi zote zinakaa vizuri juu yake, mweusi wa kukolea, maji ya kunde, mweupe, kanzu, joho, vyote.

Namna ya kukichagua dukani ni hivi. Usichague chini ya taa za duka, zile taa zinadanganya. Muombe muuzaji akupe ncha ya kitambaa utoke nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua lakini kivulini, ishike karibu na shavu lako au la mtu uliyeongozana naye, piga picha kwa simu, tazama. Uso umetoka mbele au umezama? Kuna rangi imemrukia kwenye taya? Alafu kinyanyue kitambaa juani, vidole vinaonekana? Alafu kikunje kwenye ngumi, bana ukihesabu mpaka kumi, achia, kama kimebaki na makunyanzi kama karatasi jua utaishi na pasi mkononi. Alafu kigeuzegeuze uone kama kinang'aa. Satini na vile vyote vinavyoteleza mkononi vinang'aa, kila mkunjo unakuwa mstari wa mwanga, achana navyo hata kama rangi yake imekuita. Wauza vitambaa wa Kariakoo wamenizoea na hizo safari za mlangoni, mwanzoni walidhani nataka kukimbia nacho.

Sasa kitambaa gani. Hapa Mhariri nina jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Huko nje wapigapicha wa studio miaka na miaka wametumia kitambaa cha pamba kisicho na mng'ao, wanakiita maslini. Sisi tunacho, tena kina jina letu kabisa, ni marekani! Ile nguo ya pamba ambayo haijapaushwa, ya rangi ya maziwa yaliyochachuka. Iliitwa hivyo kwasababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts, mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulisainiwa 1833, ile nguo ikapanda misafara mpaka bara ndani ndani ikawa inatumika kama fedha, na hata vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba na nguo nyingine za Bombay zikachukua nafasi, jina likabaki hapa hapa na wauza vitambaa wanalielewa mpaka leo. Marekani haing'ai, inashika rangi vizuri, inafuliwa, na fundi cherehani yoyote anaiunga.

Na kuhusu kuipa rangi, yale mapazia ya studio yenye mawingumawingu ambayo watu wanayaagiza kwa bei ya juu, siri yake ni kuchovya tu. Tunao mafundi wa batiki karibu kila mkoa. Nilimpelekea mama mmoja wa batiki mita sita za marekani, nilikuwa nimeifua kwanza kwa maji ya moto kutoa wanga wa kiwandani maana usipoutoa rangi haiingii sawasawa, nikamwambia mama sitaki maua wala nyota, nataka uikunjekunje ovyo kama nguo chafu uifunge kamba uichovye kijivu, ukauke, uikunje tena ovyo uichovye kahawia nyepesi. Alishangaa kidogo lakini alifanya. Mpaka leo ndo pazia langu ninalolipenda kuliko yote, halifanani na la mtu mwingine, na wateja wananiuliza nimeagiza wapi.

Kasoro ya marekani ni upana, ni nyembamba, itabidi iungwe na mshono utaonekana, mwambie fundi aunge kwa kusimamisha na mshono ukae pembeni sio katikati nyuma ya kichwa cha mtu. Kama hutaki habari za mishono nenda kwenye maduka ya mapazia ya nyumba, kuna vitambaa vya pazia vya upana wa sentimita 280, unakata urefu unaoutaka na unalaza upana uwe urefu, hakuna mshono hata mmoja. Chagua kile kizito kisicho na maua wala nyuzi za dhahabu. Mahameli, velveti, nayo ni nzuri sana kwa rangi nzito kwasababu vile vinyweleo vinameza mwanga, kama mtu lazima awe na nyuma nyeusi basi iwe mahameli, lakini inabeba kila uzi na kila vumbi la Dar, na vinyweleo lazima vilale upande mmoja la sivyo unaona madoa madoa, na ni nzito, hilo la uzito nitalirudia kwenye stendi. Blanketi la mtumba la rangi moja, lile laini lisilo na mng'ao, usilidharau hata kidogo.

Karatasi za studio zile za kwenye roli, mita 2.72 kwa mita 11, ni safi na hazina mkunjo, lakini ni za kukata na kutupa kila zikichafuka, na huku kwetu pwani unyevu unazifanya zitepete mawimbi, zinataka zihifadhiwe zimesimama wima. Kwa anayeanza nasema hapana.

Yale mabango ya fleksi yaliyochapishwa maua ya waridi au marumaru au kiti cha kifalme, najua watu wanayapenda na sipingi mtu kupenda mandhari, pale feri ya Likoni Mombasa miaka ya 1990 wapigapicha walikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege na meli na magorofa, na watu waliondoka pale na picha za safari ambayo hawajaenda na walizitunza. Ninachokipinga ni ile plastiki. Inarudisha taa kama kioo, ukiikunja mara moja ule mstari hautoki tena, na ukiitundika wiki tatu umewapiga watu arobaini wote wako kwenye kiti kilekile cha kifalme.

Khanga je? Naulizwa sana. Khanga ni fupi, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, haitoshi nyuma ya mtu mzima, na ule ujumbe wake unakatwa nusu unabaki maneno ambayo hukuyakusudia. Kitenge kinapatikana kirefu, lakini mtu akija amevaa kitenge chake mwenyewe vitenge viwili vinagombana na uso unakosa pa kukaa. Lakini sisemi haiwezekani, mpigapicha Seydou Keïta wa Bamako kule Mali, aliyefungua studio yake 1948, alianza na shuka la kitandani kwake mwenyewe, na akawa anatundika nguo za maua nyuma ya watu waliovaa nguo za maua, picha zikawa nzuri mpaka dunia nzima ikamjua, tena alikuwa anabadilisha kitambaa kila miaka miwili mitatu na baadae kitambaa ndo kikawa kinamwambia picha ni ya mwaka gani. Ila zile picha ni nyeusi na nyeupe, rangi hazigombani pale, michoro tu, na jicho lake sio la kila mtu. Anza na kisicho na maua.

Nakuja kwenye upana maana hapa ndo wengi wanapigwa. Seti niliyonunua mimi stendi yake ilikuwa ya mita tatu, nikafurahi, kufungua mfuko kitambaa kina mita moja na sentimita sitini. Inaonekana inatosha kwa mtu mmoja, mtu ana upana gani? Lakini piga hesabu. Mtu hatakiwi kuegemea kitambaa, lazima umtoe mbele kama mita moja na nusu, nitaeleza kwanini. Wewe umesimama mita mbili na nusu kutoka kwake. Kutoka kwako mpaka kwenye kitambaa ni mita nne. Gawa nne kwa mbili na nusu unapata 1.6, maana yake kila mita moja unayoiona pale alipokaa mtu, kule nyuma inahitaji mita moja na sitini ya kitambaa. Picha ya mtu mmoja mpaka kiunoni ukimpa nafasi kidogo ni kama mita moja, kwahiyo kile kitambaa kimeisha chote, akinyoosha mkono tu unaona sofa. Mama na baba na mtoto katikati ni mita moja na nusu, unahitaji 2.4. Ndo maana nasema mita mbili na nusu kwenda juu, au zile 280 za pazia. Dawa nyingine ni kurudi nyuma zaidi na kutumia lenzi ya kuvuta, kwenye simu ile ya mara mbili badala ya ile pana, ukiwa mbali hiyo hesabu inapungua na pua za watu nazo zinaacha kuvimba.

Na picha ya kusimama mwili mzima, kwenye sebule ya futi tisa, haitoki vizuri hivihivi, lazima kitambaa kishuke mpaka chini kiendelee sakafuni mpaka chini ya miguu ya mtu, bila kona, kwahiyo urefu sio mita mbili, ni nne au tano. Wangu wengi nawakalisha kwenye stuli, stendi naishusha mpaka mita mbili, kitambaa kifupi kinatosha.

Stendi sasa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napiga picha za arobaini ya mtoto, mtoto kalazwa kwenye mkeka chini, shangazi zake wote wamejaa sebuleni, joto, mmoja akawasha feni. Lile pazia likavimba kama tanga la jahazi na stendi yote ikaja mbele. Bomba la juu lilidondoka kwenye mkeka hatua moja kutoka kichwani kwa mtoto. Hakuumia, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini mama yake alimnyanyua akaniangalia na sikuwa na neno la kumwambia. Ile stendi ilikuwa nyepesi ya bati, miguu midogo, bomba la juu la vipande vinne linapinda kwenye kila kiungo, na kwenye seti hakukuwa na kitu chochote cha kuizuia isianguke, wala karatasi ya kukuambia kwamba inatakiwa kuzuiwa.

Tangu siku hiyo hakuna stendi inasimama kwangu bila uzito. Viroba viwili vya mchanga, kilo tano tano au zaidi, kimoja kila upande, na mguu mmoja wa kila stendi naugeuzia mbele, upande ambao ikianguka itaangukia, kiroba kinalala kwenye mguu wa nyuma. Feni inazimwa tukianza kupiga, watu wapumzike katikati. Na watoto wachanga siwaweki tena chini ya bomba kabisa, natandika kitambaa kwenye mgongo wa sofa au viti viwili kinashuka mpaka mkekani, basi, mtoto mdogo anahitaji nyuma ya nusu mita tu, stendi ya nini.

Ukienda kununua stendi peke yake, na zinapatikana peke yake ukiuliza, usitazame imeandikwa mita ngapi. Isimamishe palepale dukani mpaka juu, panua miguu, isukume kwa kidole kimoja juu kabisa. Unganisha bomba la juu lote, lishike ncha zote mbili, mwambie mtu aning'inize mkoba wake katikati. Linapinda? Mahameli ya mita tatu kwa tatu inaweza kufika karibu kilo tatu, litapinda zaidi. Tazama zile skrubu za kubania, kama ni plastiki nyembamba zitakufa mwezi wa pili. Mimi nilichofanya baadae ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti, nikamchorea kwenye karatasi, akanitengenezea nguzo mbili za chuma zenye kitako kipana cha mraba na kikombe juu cha kulalia bomba, bomba lenyewe ni la maji la chuma, moja lisilo na kiungo. Haihamishiki kwa bodaboda hiyo, ni ya kukaa nyumbani, lakini haijaanguka. Wengine wanatumia bomba la plastiki na kona zake, sawa, ila la inchi moja likizidi mita mbili linalegea katikati, penyeza fito ndani yake. Wengine wanamwaga zege kwenye kopo la rangi na kusimamisha bomba humo, inafanya kazi. Kama nyumba ni yako, fimbo ya pazia ya kawaida ukutani inashinda stendi zote, na kama ukuta wako ni sawa na hauna nyufa, upake rangi ya kijivu isiyong'aa upande mmoja, umemaliza, hununui kitu. Mpangaji hawezi, mwenye nyumba atakuja juu, najua.

Kwanini umtoe mtu mbele ya kitambaa. Kwanza kivuli chake hakitamfuata ukutani nyuma ya sikio. Pili makunyanzi ya kitambaa yanafifia yenyewe. Tatu, mwanga unapungua haraka ukienda mbali, ikiwa taa iko mita moja kutoka usoni na kitambaa kiko mita tatu kutoka kwenye taa, kitambaa kinapata moja ya tisa tu ya mwanga unaoupata uso, kijivu chako kinakuwa giza zuri lenye kina na uso unawaka, na hukununua kitambaa cheusi. Ukitaka kiwe cheupe sogeza taa karibu na kitambaa. Hilo ndo lile nililosema kwamba kijivu kinageuka. Dirisha kubwa halipungui haraka hivyo, lakini nalo ukimkalisha mtu ubavu kwake, karibu, na kitambaa ukakiweka mbali na dirisha, utaiona tofauti. Zima taa ya darini, rangi yake inagombana na ya mchana.

Na simu, bonyeza usoni kwa mtu na ushikilie mpaka ijifunge hapo, alafu ndo upandishe au ushushe mwanga kwa kidole. Ile programu ya kufifisha nyuma sikushauri kama kitambaa chako ni safi, inakata nywele za asili na pindo za ushungi kama mkasi butu.

Kuhusu makunyanzi, kitambaa hakikunjwi, kinazungushwa kwenye bomba la plastiki kama mkeka. Marekani itundike jioni inyunyizie maji kidogo, asubuhi imenyooka. Chini na pembeni vuta kwa vibanio vya nguo au klempu.

Mhariri ombi langu kwako ni mawili. La kwanza mkirudi kwenye mada hii waombeni wanaouza hizi seti waandike nje ya boksi upana wa kitambaa, sio wa stendi peke yake, na waandike wazi kwamba stendi haisimami bila uzito, ni sentensi moja tu kwenye karatasi. La pili mumwambie yule dada wa Morogoro asinunue kitu wiki hii. Achukue shuka la rangi moja lililopo nyumbani, alibane kwenye kamba kati ya kabati na mlango, amkalishe mdogo wake mita moja na nusu mbele ya hilo shuka, ubavu kwenye dirisha, saa nne asubuhi, apige picha thelathini akisogeza mtu mbele na nyuma. Akishaona ni rangi gani inamkataa mdogo wake na ni upana gani unamkosa, ndo aende kwenye duka la mapazia na ile picha mkononi, na kama akipita Dar anitafute kupitia kwenu, ile marekani yangu ya mawingu nitamwazima.

Wenu,
Mama mpigapicha wa nyumbani,
Tabata, Dar es Salaam